Mchezo Mzuri Huanza na Kanuni

Ninapofungua mchezo mpya kwenye simu, jambo la kwanza ninalotazama ni uamuzi ambao mchezaji ameachiwa aufanye, kwa sababu picha za kupendeza huzoeleka upesi, ilhali uamuzi mgumu haumchoshi mtu. Hapa Lamu kipimo cha jambo hili tunacho tangu zamani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kwa hizo tu wazee hukaa barazani wakabishana hadi adhana ya magharibi.

Itazame nyumba, lile shimo la mraba lililo katika safu ya mbele, ambalo huanza na kete 6. Wakati wa namua, yaani hatua ya kwanza ambapo kete zilizo mkononi huingizwa ubaoni moja moja, mchezaji aliyekula na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani kwake ana hiari: alale hapo na kuilinda akiba yake, au asafiri nayo, azitawanye kete zote akitumaini kula zaidi. Hakuna bahati nasibu, kete zote ziko mbele ya macho, na aliyeshindwa anaweza kurudi nyuma kwa fikra hadi pale alipoteleza. Michezo mingi ya simu haimpi mchezaji heshima hiyo. Humwekea kizuizi kisha ikamwuzia ufunguo, na mwenye pesa akampita mwenye akili. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, na huwa kubwa zaidi mchezaji anapokuwa mtoto.

Bao langu la kompyuta ninalitengeneza kwa Godot, injini ya michezo, yaani programu ya kutengenezea michezo, iliyoanzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikawa programu huria, ambayo msimbo wake yeyote anaweza kuutumia na kuubadilisha, mwaka 2014. Hupakuliwa bure, haili bando kubwa, na hufanya kazi hata intaneti ikikatika. Shimo la kawaida nililichora mara moja kwa Krita, programu ya kuchorea, na Godot ikalirudia kila lilipohitajika. Kilichonipa taabu ni mwendo wa kete: zikitawanyika zote kwa mpigo, jicho haliwezi kufuata na mchezaji hajui kilichotokea, kwa hiyo kila kete hungoja kidogo kabla ya inayofuata, na kila moja hutua kwa mlio wa komwe halisi, zile mbegu zinazotumika kama kete, niliourekodi na kuusafisha kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti.

Wapo wanaoniambia kwamba vifaa vya bure ni vya wanafunzi tu. Mwaka 2002 wapenzi wa Blender, programu ya kutengenezea katuni na picha za pande tatu, walichanga euro 100,000 ili programu hiyo ikombolewe kutoka kwa waliokuwa wakiimiliki na kuwa huria, na filamu iliyopata tuzo ya Oscar ya katuni mwaka 2025 ilitengenezwa kwayo. Kwa upande mwingine, mwezi wa Septemba 2023 kampuni ya Unity, yenye injini nyingine ya michezo, ilitangaza kwamba itatoza ada kulingana na idadi ya mara ambazo mchezo umesakinishwa, na ingawa iliifuta ada hiyo mwaka uliofuata, watengenezaji wengi walikuwa wamekwisha kutambua kwamba kazi yao inasimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Leseni ya Godot haimruhusu yeyote kunijia baadaye na hesabu ya namna hiyo.

Msimbo wa bao langu nitautoa huria vilevile, kwa kuwa kanuni hutofautiana baina ya mji na mji, na mchezaji wa Malindi anayetaka kuzirekebisha zifuate desturi ya barazani kwao hana haja ya kuniomba ruhusa.