Bei iwe ukurasa wa mwisho

Mnunuzi wa nyumba hapa Mbeya huulizwa swali moja hata kabla hajakaa vizuri kwenye kiti: una bajeti ya shilingi ngapi? Akishataja, safari inaanza. Soweto, Ilemi, Isyesye, Iwambi, popote penye nyumba ya hela hiyo. Jioni anarudi ameona sebule na mageti mpaka yamemchanganya, na hakuna hata nyumba moja anayojua ni mali ya nani. Mimi ni dalali, ofisi yangu iko Mwanjelwa, na jambo hili linaniuma. Wengi wanaonifikia wameshachoka kuzunguka, na kazi yenyewe ya kununua nyumba hawajaianza.

Kwa hiyo daftari langu la nyumba nimelipanga upya. Madalali wengi tunapanga kwa bei, za milioni 30 huku, za milioni 60 kule. Mpangilio huo unamfaa anayeuza. Anayenunua anahitaji mwingine: kinachoweza kumpotezea hela yote kije kwanza, kinachorekebishika kisubiri. Rangi, vigae, dari, hivyo fundi atakuja siku yoyote. Jina lililoandikwa kwenye hati ni habari nyingine kabisa.

Ukurasa wa kwanza wa kila nyumba, basi, ni karatasi. Naandika kama kuna hati, na ni ya miaka mingapi, 33, 66 au 99, na imebaki mingapi. Naandika kama ni ofa tu, yaani barua ya kumilikishwa kiwanja kabla ya hati, au eneo ni la kijiji na kilichopo ni hati ya kimila, au hakuna kitu zaidi ya karatasi za mauziano zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Penye hati, mnunuzi akalipie upekuzi ofisi ya msajili wa hati. Huko ndiko inakoonekana kama nyumba imewekwa rehani benki au kuna mtu ameweka zuio. Fotokopi ya hati, hata iwe safi namna gani, haisemi hayo.

Kwenye ukurasa huohuo kuna mstari wa familia. Muuzaji ana mke au mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na kama mwenye jina ni marehemu, namtaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo peke yake hakinitoshi.

Kuna nyumba moja Isyesye, nzuri kweli, kijana wa familia ndiye aliyekuwa anaiuza. Nilikwenda na mteja wangu, mwalimu wa sekondari, dada mpole ambaye hela yake ilitokana na mkopo wa mshahara. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anapepeta maharage. Tulimwamkia, akatukaribisha viti. Mwalimu akamwambia, "Mama, tumekuja kuiona nyumba, tumesikia inauzwa." Yule mama akaweka ungo chini. "Ndaga, mwanangu, karibuni. Ila mimi sijaambiwa kama nyumba inauzwa. Baba yao alijenga hapa nikiwa nachota maji ya tofali mwenyewe." Mwalimu hakuuliza tena idadi ya vyumba. Tulikunywa chai, tukaaga kwa heshima. Nyumba hiyo kwangu ina ukurasa mmoja tu, wa karatasi, na kurasa zinazofuata ziko wazi mpaka mirathi ikamilike na mama huyo aseme neno lake.

Baada ya karatasi inakuja ardhi yenyewe, na hapa ndipo picha za simu zinapowadanganya watu, hasa walio Dar wanaonunua kwa kutumiwa WhatsApp. Picha ya Septemba inaonyesha barabara kavu na mlima mzuri nyuma ya nyumba. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Kwa hiyo kila nyumba naiwekea picha mbili za njia ileile, moja ya kiangazi na moja ya Machi. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetere likafunika nyumba Itezi, na tangu hapo aliyeona huuliza mambo ya mlima kabla ya mambo ya jiko. Napima pia umbali kutoka mtoni, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Na nyumba iliyo kando ya barabara kuu naizunguka ukuta wote kutafuta alama ya X, ile ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, hata kama imepigwa rangi juu.

Maji namuuliza jirani. Muuzaji atafungua bomba saa nne asubuhi nawe utaona linatiririka. Jirani ndiye atakayekwambia yanatoka siku gani, na kwa nini kila nyumba mtaani ina simtanki.

Nyumba yenyewe sina mengi. Msingi, nyufa za pembeni ya madirisha, na kama tofali za kuchoma zililindwa zisipate maji upande wa chini. Nenda na fundi wako, si wa kwangu.

Halafu ndiyo bei, na pamoja na bei gharama zinazoizunguka: udalali wangu, wakili, ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na bila cheti chake cha TRA, mamlaka ya mapato, uhamisho hausajiliwi. Naomba iandikwe kwenye mkataba kwamba sehemu ya mwisho ya hela italipwa cheti hicho kikishapatikana. Wauzaji wengine hukasirika na kuondoka. Nawaacha waende.

Sasa hivi naandika kurasa za Uyole. Barabara ya kutoka Nsalaga kwenda Ifisi inapanuliwa kuwa njia nne, na kila mwenye kiwanja upande huo amepandisha bei. Mwenye mpango wa kununua huko aje kwanza tupime pamoja kutoka katikati ya barabara, tujue kama kiwanja hakiko ndani ya eneo la barabara.