Zawadi niliyompelekea mama Kibosho

Februari moja nilirudi kutoka Ujerumani na begi la kilo 23, nusu yake chokoleti na soksi. Nilikuwa nimekaa wiki mbili kwa mzee mmoja niliyempandisha Kilimanjaro mara mbili. Kule ulikuwa msimu wa homa ya mafua, kwenye treni kila wa pili anapenga kamasi. Siku ya safari niliamka mifupa inauma, koo kama limepakwa pilipili. Tiketi yangu ilikuwa ya bei ya chini, kubadilisha tarehe ni pesa. Nikameza paracetamol mbili, nikapanda ndege. Addis Ababa nikameza mbili tena.

Uwanja wa ndege wa KIA nilipita kwenye kipima joto bila tatizo, maana dawa ilikuwa imeishusha homa. Na hata asiyemeza kitu anaweza kupita, kwa sababu mafua haya huchukua siku moja hadi nne kujionyesha, na Frankfurt hadi KIA hata siku nzima haiishi. Unashuka mzima, unaanza kutetemeka sebuleni kwako.

Kosa langu kubwa lilikuwa bado. Kwetu ukitoka Ulaya hupumziki. Shemeji alinipokea, Moshi mjini tukapita bila kusimama, tukapanda Kibosho, kijijini kwa mama mlimani. Pale chini ya migomba watu wamejaa, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, unapiga funda unampa wa pembeni. Nikamkumbatia mama, miaka 78, nikakaa ubavuni mwake mpaka saa nne usiku. Nikikohoa, nakohoa kiganjani. Kiganja hicho hicho ndicho nilichomkatia nyama.

Kesho yake homa ikarudi. Shemeji akasema, "Malaria hiyo, kunywa dawa ya mseto." Bahati nzuri nilikwenda kupima kwanza. Malaria hakuna. Nilipomwambia daktari nimetoka Ulaya jana, alivaa barakoa kabla sijamaliza sentensi. Kwa hiyo ukiugua, taja ulikotoka. Na wewe unayekwenda huko, ukishikwa na homa waambie umetoka Tanzania, wakupime malaria. Msimu wa mafua wenzetu huona mafua tu, na malaria haisubiri.

Mama alianza kukohoa siku ya tatu. Ikageuka nimonia. Siku tisa wodini, oksijeni puani. Dawa ya virusi vya mafua hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili, sisi tulipoteza muda tukimpa tangawizi na asali. Alipona. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko angenigombeza.

Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani, WHO, walipoyatangaza mafua ya H1N1 kuwa janga la dunia tarehe 11 Juni, hawakushauri mipaka ifungwe. Watalii waliendelea kuja. Walioshauriwa kuahirisha safari ni wagonjwa, yaani mtu kama mimi siku ile na paracetamol zangu.

Siku hizi nanunua tiketi inayobadilishika, ingawa inauma mfukoni. Chanjo ya mafua nachoma angalau wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujijenga, na ya mwaka jana haitoshi, maana virusi hubadilika. Barakoa naweka mfuko wa shati, siyo kwenye begi la chini. Kunawa mikono mnajua.

Na sipandi Kibosho moja kwa moja. Mtu mzima huanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya, kisha siku tano hadi saba baada ya hapo. Kwa hiyo nafikia chumba changu cha Rau, Moshi mjini, nakaa siku tano kwanza. Ndugu wengine wananiita mzungu. Sawa tu.

Machi iliyopita nilimpa konda wa Hiace ya Kibosho chokoleti ampelekee mama. Jioni mama akanipigia.

"Umefika?"

"Nimefika mama, niko Rau."

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Basi kaa hizo siku zako. Mbege yako haiwezi kungoja, tumeshainywa."