Dawa ya Dada Ilivyonishinda Tumbo

Dada yangu aliambiwa ana kisukari cha aina ya pili, mwaka uliofuata nikaambiwa mimi. Yeye alimeza metformini, sukari ikashuka, maisha yakaendelea. Mimi nilipoanza dozi yake ileile, miligramu 500 asubuhi na jioni, nilihamia chooni. "Unadeka tu," akanicheka. Baada ya miezi mitatu HbA1c yangu, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ilikuwa imetoka asilimia 8.7 hadi 8.3 tu, maana siku nyingine kidonge nilikiruka makusudi. Kwa daktari sikusema.

Daktari alijua. Badala ya kunigombeza alichora ini kwenye karatasi, akaliwekea mlango. Metformini haivunjwi mwilini, alieleza, inatoka na mkojo vilevile ilivyoingia. Ila haipenyi yenyewe kwenye seli za ini, inabebwa na protini iitwayo OCT1, na jeni ya protini hiyo haifanani kwa watu wote. Waliorithi nakala mbili dhaifu wameonekana kuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kushindwa dawa hii kwa sababu ya tumbo. Nami nikadhani kuzaliwa tumbo moja kunatosha!

Kisha akauliza ninatumia dawa gani nyingine. Omeprazoli, nikajibu, ya kiungulia, miaka sasa. Akaweka kalamu chini. Kumbe hiyo nayo hubana mlango huohuo.

Jeni hakunipima. Alisema kipimo hicho bado hakitumiki kuchagulia dawa hizi, akanitaka niandike daftari: nimemeza nini, saa ngapi, tumbo limesemaje. Omeprazoli tukaiacha, metformini akanibadilishia ile inayoyeyuka polepole, kidonge kimoja na chakula cha jioni, nikiongeza kimoja kila baada ya wiki mbili. Ukurasa wa tarehe 9 umeandikwa neno moja: "Kimya."

HbA1c ikafika 7.6, ikagoma hapo. Akaongeza pioglitazoni, miligramu 15. Hii huingilia seli za mafuta na haina haraka, matokeo kamili huchukua wiki kadhaa. Nayo ina mambo ya kurithi: kimeng'enya cha CYP2C8 kinachoivunja ni chepesi zaidi kwa baadhi ya watu, na dawa huwaishia mapema. Kwangu ilifanya kazi, 6.9, lakini jioni moja nilivua soksi nikakuta alama yake imezama mguuni. Nikabonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Nilirudi kliniki kesho yake, moyo ukapimwa, ukakutwa salama. Sasa napima uzito kila asubuhi, maana maji yakijaa mwilini mizani huwahi kusema kabla ya miguu.

Juzi sukari ya dada imepanda. Kaniomba vidonge vyangu viwili vitatu vya pioglitazoni "ajaribu". Nimemnunulia daftari.