Siku moja maishani mwangu: sajini wa doria na raia wenye bastola viunoni

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi nimesimama mbele ya dirisha la ghala la silaha, nyuma ya makonstebo wawili ambao bado wanapiga miayo. Koplo anayesimamia ghala anaisoma namba iliyochongwa kwenye bastola, nami nairudia kwa sauti. Risasi zinahesabiwa moja moja juu ya meza, kisha natia sahihi, na kuanzia hapo silaha hiyo ni mzigo wangu mpaka jioni. Risasi moja ikipungua bila maelezo, nitaandika taarifa, nitaitwa ofisini, na huenda nikalala ndani. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu maoni ya polisi wengi kuhusu raia wanaobeba silaha huanzia kwenye dirisha hili, ambapo mtu aliyefunzwa na kuvalishwa sare anahesabiwa risasi kila asubuhi, huku akijua kwamba huko barabarani atakutana na mfanyabiashara mwenye bastola nzuri kuliko yake, ambaye leseni yake hufanywa upya mara moja kwa mwaka.

Mimi ni sajini wa polisi jijini Nairobi, na eneo letu lina maduka makubwa, balozi, mabaa na nyumba zilizozungushiwa nyaya za umeme. Katika eneo la namna hii, raia mwenye bastola chini ya koti si ajabu. Katiba ya Kenya haimpi mtu haki ya kumiliki silaha, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwombaji atoe sababu ya kutosha na apewe cheti kabla ya kuigusa. Anayekipata anatarajiwa kuibeba silaha yake bila kuionyesha. Hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu, kwa maana raia anayeifuata kanuni hii vizuri ndiye ambaye sisi hatuwezi kumtambua.

Kwenye gwaride la saa kumi na mbili na nusu inspekta anatugawia kazi na kurudia agizo lake la kila siku, kwamba tuangalie mikono kabla ya kuangalia nyuso. Mimi na makonstebo watatu tunapangiwa ukaguzi wa magari.

Kufikia saa mbili foleni imeshafika kwenye mzunguko. Gari jeusi linasimama, kioo kinashushwa, na kabla sijamaliza salamu dereva, mwanamume wa makamo mwenye shati la mikono mifupi, anaweka viganja vyake vyote viwili juu ya usukani na kusema, "Habari ya asubuhi, afande. Nina bastola kiunoni upande wa kulia, na leseni iko kwenye mfuko wa shati. Nifanyeje?"

Swali hilo la mwisho ndilo linalopunguza mapigo ya moyo ya pande zote mbili. Hata hivyo, nasikia nyuma yangu mkanda wa bunduki ukisogea begani mwa konstebo kijana, ambaye amelisikia neno bastola na pengine hakusikia mengine. Namwashiria kwa mkono atulie, kisha namwomba dereva aache mkono wa kushoto pale pale ulipo na akitoe kile cheti kwa vidole vya mkono wa kulia, polepole. Nalinganisha picha na uso, naangalia tarehe ya mwisho, naisoma namba ya silaha. Halafu namwomba ashuke upande wangu, mikono ikiwa mbele, naitoa bastola mwenyewe na kuigeuza mpaka namba iliyo kwenye chuma ionekane. Imelingana. Nairudisha mahali pake na kumtakia safari njema. Yote hayo yamechukua muda mfupi kuliko tuliotumia kwa matatu iliyotangulia, ambayo kondakta wake alibishana nasi kuhusu kila kitu.

Gari lilipoondoka, konstebo aliniuliza kwa nini sikumlaza chini kwanza. Ni swali la haki. Kijana huyu ametoka chuo cha polisi cha Kiganjo si muda mrefu, na mafunzoni alifundishwa, sawasawa kabisa, kwamba mtu asiye na sare aliyeshika silaha ni hatari mpaka ithibitike vingine. Nilimjibu kwamba mtu aliyekusudia kutupiga risasi asingetutangazia mahali bastola ilipo, na kwamba tukimdhalilisha anayesema ukweli, mwenzake akisimamishwa kesho atanyamaza. Hakuridhika. Alisema yeye haogopi leseni, anaogopa nusu dakika inayotangulia leseni kuonekana, na katika hilo sikuwa na la kumpinga.

Saa nne na nusu niko kituoni, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi amekuja na bahasha yake. Maombi ya leseni hupitia kwa polisi wa eneo kabla ya kufika kwenye Bodi ya Leseni za Silaha, kwa hiyo tunawaona waombaji ana kwa ana, wakiwa na vyeti vyao vya tabia njema na hadithi za kilichowasukuma. Huyu aliwahi kufuatwa na pikipiki kutoka benki hadi getini kwake. Alipiga simu, na gari letu lilifika baada ya wezi kuondoka. Alilisema hilo bila kinyongo, jambo lililonikera zaidi kuliko kama angefoka. Polisi anayesema raia yeyote asibebe silaha sharti awe tayari kufika kwa raia huyo upesi, na sisi, kwa magari tuliyo nayo na mafuta tunayopewa, hatuko tayari kila mara. Hata hivyo nilimuuliza kwa nini bado anabeba fedha taslimu wakati nusu ya Nairobi inalipana kwa simu. Alicheka, akasema mafundi wake wanapenda noti.

Kwa upande mwingine, siwezi kuwalaumu wenzangu wanaokiangalia kila cheti kwa shaka. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliamuru raia wote wenye leseni wajitokeze kuchunguzwa upya, na ni polisi wachache walioshangaa, kwa sababu tulishakutana na vyeti ambavyo hakuna aliyeweza kueleza vilitolewaje. Mara ukishakipata cheti cha namna hiyo mkononi, kila kingine kitakachofuata utakisoma mara mbili.

Saa saba tunakula ugali na sukuma wiki kwenye kibanda nyuma ya kituo, na mazungumzo, kama ilivyo kila somo hili linapozuka, yanaishia Westgate, jengo la maduka la Nairobi lililoshambuliwa na magaidi wa Al-Shabaab. Koplo mmoja mwenye umri wangu anaamini kwamba Jumamosi ile, tarehe 21 Septemba 2013, ilimaliza mjadala. Watu 67 waliuawa, na miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa wengine walikuwamo raia wenye bastola zao za leseni, pamoja na polisi waliovaa kiraia. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wa raia hao. "Bila wao tungezika wengi zaidi," anasema koplo, na hakuna anayebisha.

Konstebo wa asubuhi ndiye aliyeuliza swali ambalo lilitufanya tuache kutafuna. Aliuliza: kama mmoja wetu angeingia kwa mlango wa pili, akamkuta mwanamume wa asili ya Kisomali akipita na bastola mkononi kati ya watu waliolala sakafuni, angejuaje kwamba huyo ni mwokozi? Siku hiyo hiyo, ndani ya jengo hilo hilo, wanajeshi na Recce, kikosi maalumu cha polisi wa GSU, walirushiana risasi na kamanda wa Recce akapoteza maisha, na hao walikuwa watu wenye sare, mafunzo na redio. Ikiwa waliovaa sare walishindwa kutambuana, aliyevaa shati la kawaida anategemea bahati, na bahati hiyo hupungua kulingana na jina lake na sura yake. Hilo la mwisho halisemwi sana kwenye vibanda vya polisi. Nililisema, na koplo akanikazia macho, kisha akakubali kwa kichwa. Hata wapelelezi wetu wenyewe, wanaozunguka na bastola chini ya fulana, wanalijua vizuri. Wengi wao hutoa kitambulisho wakiwa bado hatua kumi kutoka kwetu.

Saa tisa na robo redio inatuita kwenye maegesho ya jengo la maduka. Mlinzi, kijana mwembamba aliyevaa sweta ya kampuni iliyochakaa viwiko, anasema alimzuia mwenye gari kubwa kuegesha mahali pa wagonjwa wa kliniki, na mwenye gari akainua shati lake, akaacha kishikio cha bastola kionekane, akauliza, "Unanijua mimi ni nani?" Hakuichomoa wala hakumtishia kwa neno jingine. Wanunuzi watatu waliona, na mmoja wao yuko tayari kuandikisha taarifa.

Mwenye gari hakukana. Alinipa cheti chake kabla sijakiomba, kikiwa halali na hakijapitwa na wakati, kwa mkono ule ule ulioshika simu, na simu ilikuwa tayari imeshaunganishwa. "Ongea na mkubwa," akasema.

Nimeeleza hofu ya kutomtambua mtu, lakini kwa konstebo wa kawaida wa Nairobi kuna hofu nyingine isiyoandikwa kwenye mafunzo yoyote. Kwa mtu aliye chini ngazini, leseni ya silaha inaweza kusomeka kama barua ya utambulisho, kwamba mwenye nayo anafahamiana na watu, na kwamba anayemgusa ajiandae kuhamishwa mahali ambako hata maji ya kunywa ni ya kununua. Polisi wengi wanaosema hawapendi raia wenye bastola, ukiwauliza vizuri, utakuta hawana ugomvi na yule wa asubuhi aliyeweka viganja juu ya usukani. Ugomvi wao ni na silaha ya siri inayotafuta mashahidi, ile inayowekwa mezani baa kando ya chupa au inayochungulia chini ya shati mbele ya mlinzi ambaye hata rungu hana.

Sikuichukua simu. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba mheshimiwa aliye upande wa pili anaweza kumpigia mkuu wa kituo, na kwamba yeye na silaha yake tunakwenda kituoni kuandikisha maelezo. Alinitazama, akayatazama majina kwenye sare yangu kwa makusudi ili nijue ameyasoma, kisha akaniruhusu niitoe bastola kiunoni. Wakati wote huo konstebo wangu kijana alisimama pembeni bila kusogeza mkanda wa bunduki hata mara moja. Nilipomuuliza baadaye, alisema alikuwa anaangalia mikono.

Saa kumi na moja naandika. Mlinzi ameandikisha taarifa yake, shahidi naye yake, na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, imetolewa. Sheria inaruhusu cheti kifutwe iwapo mwenye nacho ni mtu wa ulevi wa kupindukia, hana akili timamu, au kwa namna nyingine hafai kuaminiwa silaha, na mimi nimetumia nusu saa nzima kueleza kwa nini mtu anayemjibu mlinzi wa maegesho kwa kishikio cha bastola anaingia kwenye sehemu hiyo ya tatu. Mkuu wa kituo ameisoma mara mbili na kubadilisha neno moja, kisha akatia sahihi. Ikifika juu haitakuwa mikononi mwangu tena, na sitajifanya kwamba najua itaishia wapi.

Narudisha silaha saa kumi na mbili na nusu, risasi zote zipo, na napanda matatu nikiwa na sketi na sweta kama abiria mwingine yeyote. Katika safari ya kurudi nyumbani huwa sipendi mtu anayepapasa kiuno chake karibu nami. Nadhani huo ni ugonjwa wa kazi.

Saa mbili usiku shemeji yangu anapiga simu kutoka Eldoret. Duka lake la nafaka limevunjwa mara ya pili, na anafikiria kuomba leseni ya bastola. Namweleza anunue kwanza kasha la chuma la kuihifadhia, kwa maana wezi wakijua iko nyumbani wataifuata yenyewe. Namwambia pia kwamba akisimamishwa na polisi, usiku au mchana, aseme mahali ilipo kabla hajaulizwa, asiipapase, na aulize afanyeje. Na asimwonyeshe mtu yeyote, hata wanywaji wenzake, hata kwa mzaha. Ananisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, shemeji," anasema. "Sasa huko Nairobi hakuna mtu unayemfahamu, umpigie simu, faili langu lisikae sana?"

Nikamwambia apange foleni kama wenzake.