Sanda ya Babu

Babu alifariki kabla ya alfajiri, Januari 2014, kaskazi ikivuma na Mji wa Kale wa Mombasa wote ukinuka bahari. Bibi hakupiga ukelele. Alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa cheupe, akatutokea ukumbini na kusema, "Babu yenu ametangulia. Mteremsheni lile sanduku lake."

Sanduku hilo sote tulilijua. Lilikuwa la bati, lina kufuli dogo, na lilikaa juu ya kabati tangu 1983, mwaka Babu aliporudi Hija. Ndani yake mlikuwa na sanda aliyoinunua Maka, akaichovya maji ya Zamzam, akaianika na kuikunja mwenyewe. Wazee wengi wa kwetu huweka sanda namna hiyo na hawaoni uzito kuitaja. Babu aliizungumzia kama mtu anayezungumzia kanzu yake ya Idi.

Ami yangu mkubwa akalifungua. Tulikuta tasbihi, msuwaki, kichupa cha miski iliyokauka, na kafuri iliyofungwa kwenye karatasi. Sanda haikuwamo.

"Nani ameichukua?" Ami aliuliza, sauti imeanza kumpanda.

Bibi alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani. "Haikuibiwa," akasema. "Muulizeni huyu mjukuu wake. Yeye ndiye aliyemvisha mtu."

Nyuso zote zikanigeukia, na mimi sikujua anasema nini.

Inafaa nieleze Babu alikuwa mtu gani. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Alichokumbuka ni kwamba daraja la kuelea la Nyali lilipofunguliwa, mwaka 1931, alikuwa mtoto wa kushikwa mkono, na babake alimpitisha juu yake kwenda na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo, ili tu aone. Alipokuwa kijana akawa hamali Bandari ya Kale. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakingoja kusi yarudi na boriti za mikoko. Magunia hayo yalipanda ngazi za bandari mgongoni mwa watu kama yeye. Kwa kazi hiyo aliwalea watoto watano, akamsomesha kila mmoja, mabinti na wavulana. Jioni aliteka maji ya kisima kujaza birika la msikiti, na hakuna aliyemwajiri kufanya hivyo.

Lakini mtaani hawakumjua kwa uhamali. Walimjua kwa kuosha maiti. Aliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka hamsini, hakupokea hata senti. Aliyempa bahasha alirudishiwa. "Mwosha huoshwa," alikuwa akisema, "nami nikiifanya biashara, siku yangu mtanitafutia wa bei nafuu?" Feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994, wakafa watu 272, mimi nilikuwa na miaka tisa. Yeye na wenzake waliosha siku kadhaa mfululizo. Nakumbuka aliporudi nyumbani, vidole vimenyauka kwa maji, kanzu inanuka kafuri. Hakusimulia neno. Mwaka ule mzima hakula samaki, na Bibi alipika mbaazi na kunde bila kuuliza.

Niliyefuata mkono wake ni mimi. Haikuwa hiari yangu, nakiri. Mei 2004, masika yamechacha, aliniita baada ya magharibi: "Vaa kanzu kuukuu, unifuate." Alikuwa amekufa mtu wa mkokoteni pale Marikiti, mzee wa makamo aliyekuja kutoka bara miaka mingi nyuma, akasali nasi, akalala kwenye baraza za watu. Jina lake tulilijua moja tu. Jamaa hana. Mwili uliletwa usiku, na ikaamuliwa azikwe baada ya isha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na magoti yalinitetemeka. Babu alinishika kifundo cha mkono akanionyesha: funika kitovu hadi magoti, usitazame usichohitaji kutazama, zungushia mkono kitambaa. Anza kuume. Maji ya mkunazi kwanza, ya mwisho yatiwe kafuri. "Umimine polepole," alininong'oneza. "Anasikia baridi kama wewe." Sijui kama hilo limo kitabuni. Tangu siku hiyo sijawahi kumwaga kata ya maji juu ya maiti kwa haraka.

Ilipofika kumvisha, ikaonekana kabati la msikiti halina sanda, na maduka yote yamefungwa. Babu aliondoka akakimbia mvuani, kwa umri wake ule, akarudi na kitu amekificha chini ya koti. Tukatandika mashuka matatu juu ya mkeka, tukayafukiza udi. Nilinusa harufu nyingine chini ya udi, ya miski kongwe. Na niliona mikunjo imepiga umanjano. Nikauliza, "Babu, mbona hii ya zamani?"

"Ni safi," alijibu. "Shika pembe hiyo."

Ni hayo tu. Tulimweka pamba yenye kafuri kwenye paji la uso, pua, viganja, magoti na miguu, mahali panapogusa ardhi mtu akisujudu. Tulimfunga, tukamsalia, tukamzika Kikowani tukiwa hatuzidi watu kumi, na usiku ule nililala kama gogo. Miaka kumi sikuliwaza tena lile shuka lenye mikunjo ya manjano.

Sasa nililiwaza. Nilikaa chini palepale, mbele ya sanduku.

"Nilimwambia hiyo ni ya Maka," Bibi aliendelea, akiwa hatutazami. "Akanambia, yule hana mtu wa kumnunulia, na mimi ninao nyinyi."

Ami alikuwa bado amesimama na kufuli mkononi. "Miaka ishirini na moja ameitunza," akasema, "akampa mtu asiyemjua!" Aliyasema kwa hasira ya kweli, na simlaumu, yeye ndiye aliyekuwa ameahidiwa kumvisha babake sanda hiyo. Kisha uso ukamvunjika, akalia kwa sauti, wa kwanza kati yetu kulia asubuhi ile. Alipotulia akatoa pesa mfukoni akanipa. "Nenda kanunue bafta. Nzuri kabisa."

Mtaa wa Biashara ulikuwa haujafunguka. Mwenye duka mmoja, aliyesikia tangazo la msikitini, aliniona nimesimama kwenye mlango wake akashuka na funguo. Alipima bafta kwa yadi, akaikata, akakataa pesa. Nilimsihi, nikamweleza kuwa Babu alisema sisi ndio tutakaomnunulia. Alinitazama kidogo, akazichukua. Nilishukuru kuliko kama angenipa bure.

Tulimwosha mimi, Ami na mzee mmoja mwenzake Babu. Nilikuwa nimewaosha watu wengi kufikia hapo, lakini bega lake la kushoto sikuwa nimelitazama hata siku moja. Lilikuwa na sugu pana, gumu, jeusi kuliko ngozi yote, pale magunia yalipokaa. Ami alilipitishia mkono mara mbili, mara tatu. Nikamimina maji polepole. Bibi aliingia alipokwisha kuvishwa, uso wake ukiwa bado wazi, akamwambia, "Radhi nimekupa, nami nipe yako," akatoka kuanza eda yake.

Kikowani watu walijaa hadi njiani. Wengine sikuwajua kabisa, na kila mmoja alinishika mkono akanitajia mtu wake: mama, kaka, mtoto aliyezama Mtongwe. Niliteremka kaburini pamoja na Ami. Bafta mpya ilikuwa bado ngumu kidogo, inanuka duka. Tulimlaza katika mwanandani kwa ubavu wa kuume, uso kibla, ambako kwetu ni kaskazini, upande yalikotoka majahazi. Nikamfungulia fundo la kichwani. Ami akafungua la miguuni. Kisha tukapokezwa mbao, tukazipanga.