Mayai tisa, yaliyokomaa manne

Nilipozinduka baada ya mayai yangu kuvunwa ili yakarutubishwe maabara (IVF), muuguzi aliniinamia: "Tisa, dada." Machozi ya furaha yakanitoka. Kesho yake maabara wakapiga simu. Katika yale tisa, yaliyokomaa yalikuwa manne tu, na yai lisilokomaa halirutubishwi. Sikuwahi kujua kwamba yai linaweza kutolewa likiwa bado changa.

Nina endometriosisi. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba imeota nje yake, na ovari yangu ya kushoto ina uvimbe wa sentimita 3 uliojaa damu nzee, nyeusi kama chokoleti. Miaka mingi niliambiwa maumivu ya hedhi ni ya kawaida. Si kweli, jamani.

Nikarudi kwa daktari na swali moja: ni ugonjwa huu? Alichora yai, akalizungushia vidoti vingi. "Hizi ndizo seli zinazolilea." Damu ile nzee ina madini mengi ya chuma, na kinga ya mwili haitulii pale. Seli hizo zikisumbuka, yai linaweza kukwama kabla ya kukomaa. Ila hakunificha kwamba tafiti hazikubaliani: nyingine zinaona tatizo ni uchache wa mayai kuliko ubovu wake, na yai likishakomaa, mara nyingi matumaini hayapishani sana na ya wanawake wengine. Umri una uzito zaidi. Hapo ndipo nilipopata usingizi.

Nilitaka uvimbe ukatwe upesi. Akanionyesha kipimo changu cha AMH, homoni inayodokeza akiba ya mayai iliyobaki; tayari kiko chini. Kisu kingeweza kuondoka na sehemu yenye afya ya ovari pamoja na mayai yake. Tukauacha. Maumivu yangekuwa hayavumiliki, huenda ningeamua vingine.

Mzunguko wa pili tulisubiri siku moja zaidi, hadi vifuko vingi vinavyokuza mayai vikavuka milimita 17. Sindano ya kukomaza mayai ilipangiwa saa 36 kabla ya kuvuna: saa nne usiku, kamili. Mume wangu alishika saa, mimi nikashika sindano, na mkono ulitetemeka kuliko siku zote.

Muuguzi aliponiambia ni saba, sikulia. Nilingoja simu ya maabara.

"Sita yamekomaa, mama."

Viinitete viwili vimegandishwa. Cha kwanza kitapandikizwa mwezi ujao.