Raketi ya akiba si pacha wa ile ya kwanza

Tarehe 30 Julai 2024, Paris, Wang Chuqin na Sun Yingsha wa China walitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mpira wa meza kwa wachezaji wawili mchanganyiko. Katika msongamano wa wapiga picha, raketi ya Wang ikakanyagwa, ikavunjika. Kesho yake, akiwa namba moja duniani, alitolewa 4-2 na Truls Möregårdh wa Uswidi katika hatua ya 32 bora ya mchezaji mmoja mmoja. Wang hakutaka kuisingizia raketi ya akiba, na huo ni uungwana. Lakini anayeishi kwa mpira wa meza anajua kilichomponyoka.

Kanuni inataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao wa raketi iwe mti wa asili, na mti haufanani. Mbao mbili za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, hupishana gramu tatu hata tano. Kwenye raketi ya gramu 185 mkono unazihisi, hasa kwenye mpira mfupi unaochezwa kwa kiwiko na kifundo cha mkono tu.

Kisha kuna raba, ile ngozi ya mpira yenye sponji chini yake inayobandikwa kwenye nyuso za ubao. Mchezaji wa kulipwa huzibadilisha kila baada ya wiki chache, na hapo ndipo raketi mbili zinapoachana. Gundi zenye viyeyusho vya mvuke zilipigwa marufuku 2008. Sasa ni gundi ya maji, nayo haitaki haraka. Bandua raba ya zamani taratibu kufuata nyuzi za mti, usije ukang'oa vibanzi. Paka tabaka jembamba kwenye ubao na kwenye sponji. Sponji hunywa, kwa hiyo mara nyingi hudai la pili. Subiri weupe wote uishe, gundi ing'ae kama plastiki. Ukibandika ikiwa bado na weupe, unyevu unanaswa ndani na raba inavimba mapovu.

Anzia kwenye mpini, ilaze raba, usiivute. Hili ndilo kosa ninaloliona baya kuliko yote: raba iliyovutwa hujirudi, kingo za ubao zinabaki wazi, na uso wake unaweza kupinda. Waamuzi hupima ubapa, na pia unene: raba, sponji na gundi kwa pamoja visizidi milimita 4.0. Gundi nyingi juu ya raba nene inatosha kukukwamisha.

Kwa hiyo zipime mbao kwa mizani kabla ya kununua, bandika raba za raketi zote mbili siku moja, kwa tabaka zilezile za gundi, na ya akiba ifanye mazoezi kamili, pamoja na sevisi na mapokezi, angalau siku moja kwa wiki. Katikati ya mechi hutaruhusiwa kubadilisha raketi isipokuwa imeharibika kwa bahati mbaya kiasi cha kutotumika. Ikitokea hivyo, pointi inayofuata unaicheza na hiyo ya akiba.